Moto wa Saa Nane

Siku ya kuniaga, Scola, ambaye sasa amekalia kiti changu pale ofisini, aliniomba niwaandikie ninyi vijana mambo niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi ya misitu. Nadhani alitarajia habari za vitalu, mbegu na mipaka. Hizo mtazisoma kwenye vitabu. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havikuwa vikubwa kiasi cha kuchosha kalamu. Nataka kuwaeleza habari za moto, na za ripoti moja iliyo kwenye kabati la chuma, rafu ya pili, yenye sahihi yangu. Ripoti hiyo ni ya uongo. Nimelitanguliza hilo nisije nikaingiwa na woga nikifika katikati.

Mimi ni Mmatengo, mtoto wa nyumba ya kahawa na mahindi huko Mbinga. Kwetu mlima hulimwa kwa ngoro: majani hukatwa, yakapangwa miraba miraba, yakafukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo la kushika maji. Sisi majani hatuyachomi, tunayazika. Nilikua nikiamini kwamba anayechoma shamba ni mvivu aliyepewa kiberiti. Imani hiyo nilishuka nayo hadi ziwani siku yangu ya kwanza ya kazi, pamoja na sanduku la bati na viatu vya visigino ambavyo havikumaliza wiki.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja chenye meza, ramani iliyoliwa na mende, na mlinzi wa msitu aliyeitwa Mzee Challe. Hakuwa mzee wakati ule, ila heshima ilikuwa imemtangulia. Alikuwa Mnyasa, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao Waanglikana, mtu mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Nilimkuta ananoa panga mlangoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Ndiye wewe Bwana Misitu tuliyeambiwa?"

"Ndiye mimi."

Akatazama viatu vyangu, kisha akarudia panga lake. "Basi tutakuita Bibi Misitu. Bwana mwenye visigino hatujawahi kuletewa."

Jina likanishika mpaka leo. Mchana ule mkewe, Mama Agnes, alituletea ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, akanikalisha kwenye mkeka wake jikoni kama binti yake aliyerudi likizo. Jiko lile lilikuwa safi kuliko ofisi. Kuni zilipangwa kwa urefu, majivu yalizolewa kila asubuhi, na ndoo ya maji haikukosekana mlangoni. Nawaomba mlikumbuke jiko hilo.

Mzee Challe alinifundisha moto. Mimi nilikuja na maelekezo ya kuukataza, yeye akanionyesha kwamba moto haukatazwi, unaongozwa. Nyasi za milima ile ya ziwani zikiachwa bila kuguswa hadi Oktoba huwa kama petroli iliyosimama wima, kwa hiyo wenye akili walichoma mapema, mwezi wa sita, wakati mashina bado yana ubichi. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Unang'oa nyasi alfajiri, unazifinya. Zikikunjika, washa. Zikivunjika, rudi nyumbani ukanywe uji.

"Moto wa asubuhi unautuma wewe," alipenda kusema. "Moto wa mchana ndio unaokutuma."

Sababu yake ilikuwa ziwa. Asubuhi ziwa limetulia. Jua likishapanda, upepo huanza kutoka majini kwenda mlimani, na kufikia saa nane unasukuma kila kitu kwenda juu. Moto uliowashwa alfajiri ulikuwa umemaliza kazi kabla ya saa nne, ukabaki kwenye visiki tu, navyo vilifuka moshi siku nzima bila kumdhuru mtu.

Tena walikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwenye mwongozo wowote. Katika kijiji nitakachokiita Kijiji cha Juu, kwa sababu jina lake halisi halina kosa, mwenye shamba hakuwasha shamba lake mwenyewe. Aliyewasha ni jirani wa juu, yule ambaye moto ukikosea utamfikia yeye. Unamwita, anapanda na matawi mabichi na gunia lililoloweshwa, anaangalia majani na upepo, akiridhika anawasha kwa mkono wake. Asipofika, hapachomwi. Mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia Mzee Challe kwamba kwetu hatuhitaji mambo hayo kwa kuwa hatuchomi. Akanijibu kwamba kwetu pia hatuna ziwa. Niliona amenikosea adabu, kumbe alikuwa ananipa somo la bure.

Nitawahadithia moto mmoja wa miaka ile, mpate kujua kazi ilivyokuwa. Wawindaji wa panya waliwasha bondeni, njia ya kwenda Liparamba, moto ukawapita wakaukimbia. Tuliukuta mbele umeshika kilima kizima. Mimi nilitaka tuupige kwa matawi. Mzee Challe akaninyang'anya tawi, akanirudisha nyuma hadi kwenye njia ya miguu, akawasha mstari mwingine wa moto mbele ya ule mkubwa. Nikadhani amerukwa na akili. Ile mioto miwili ikakutana, ikakosa cha kula, ikafa. Nyusi zangu ziliungua, zikaota tena moja ikiwa fupi kuliko nyingine hadi leo.

Miaka ikaenda. Mzee Challe akastaafu, akabaki na muhogo wake na mizinga yake ya nyuki kwenye mteremko wa Kijiji cha Juu. Mimi nikaendelea. Kisha zikaja setilaiti.

Tulipelekwa semina ya wiki moja. Mwalimu alizima taa, akatuonyesha dunia nzima ukutani imetapakaa nukta nyekundu. Alituzungusha. Kanada na Siberia, akasema, radi hupiga misitu mikavu ikawaka wiki kadhaa mahali ambapo hakuna wa kuizima. Australia na Ugiriki, joto na ukame hukausha kila kitu, na waya mmoja wa umeme ukikatika kwenye upepo unatosha. Amazoni, watu huangusha msitu wakauchoma wapate malisho. Akaongeza kwamba dunia inavyozidi kupata joto, msimu wa moto unarefuka kila mahali. Halafu akatuleta kwetu, na Afrika ilikuwa nyekundu kuliko kote. "Hapa radi tusiisingizie sana," akasema. "Hapa ni kiberiti." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta Mbinga, na nilipoipata niliona fahari kwamba milima yetu ya ngoro ilikuwa na nukta chache kuliko pwani ya ziwa.

Mwalimu alitueleza mambo mengine niliyoyaandika vizuri kwenye daftari nikayasahau. Setilaiti haioni moto, inahisi joto. Nukta haikuambii moto uko hapa, inakuambia kwamba mahali fulani ndani ya mraba wa mita mamia kadhaa pana joto kuliko kawaida. Wingu likiwepo, haioni. Haijui moto wenye kibali na moto wa jangili. Na haikai juu yako kutwa. Zinapita zaidi ya moja, lakini ile tuliyoitegemea sisi ilipita karibu na saa saba na nusu mchana, na tena usiku saa kama hiyo. Kilichowaka na kuzimika katikati, haina habari nacho.

Nilirudi na nukta kwenye simu kama mtu aliyerudi na miwani mipya. Nukta ya kwanza niliyoifuata kwa pikipiki, saa mbili njiani, ilikuwa paa jipya la mabati la kigango, linameta kwa jua la mchana. Katekista alinikaribisha maji na kuniuliza kama serikali imekuja kuzindua. Nilipaswa kujifunza hapo. Badala yake nikabandika karatasi ukutani, vijiji vyote na nukta zake, mwezi kwa mwezi. Wenye nyingi nikawaita kwenye mikutano na kuwasema mbele ya watu. Wenye chache nikawasifu. Wakubwa wakaipenda karatasi ile. Sikutenga moto wa alfajiri wenye kibali na moto wa Oktoba. Kwangu nukta ilikuwa nukta.

Kijiji cha Juu kilikuwa mkiani, kwa sababu visiki vyao vilikuwa bado vinafuka saa saba na nusu. Nikaenda kuwasema. Mwenyekiti wao, mtu mpole, akauliza, "Bibi Misitu, hilo jicho lenu linatutazama muda wote? Hata kujisaidia?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilitaka nionekane mjuzi, nikasimama na kuwapa saa zake, ya mchana na ya usiku, kama anayetangaza ratiba ya misa.

Mzee Challe alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Umewapa saa mbaya, mwanangu," akasema. "Sasa watasubiri lipite mchana, wawashe, wapate kuzima kabla halijarudi. Itakuwa saa nane. Saa nane upepo uko wapi?"

"Watu si watoto, Mzee. Nimewaambia wasichome kabisa."

"Umewaambia wasionekane," akasema, akanipa mkono wa kuniaga.

Mwaka uliofuata nukta za Kijiji cha Juu zilipungua hadi zikawa za kuhesabu kwa vidole. Nasema kweli, nilijua sababu. Alasiri moja nilikuwa ng'ambo ya ghuba, Mbamba Bay, nikauona moshi wao kwa macho yangu mawili, mistari mitatu inapanda mlimani, saa yangu ikionyesha saa nane na dakika chache. Nilisimama nikautazama. Ningeweza kwenda. Lakini kijiji kilikuwa kimepangwa kupewa cheti cha kijiji bora, nami nilikuwa nimeshaandika hotuba. Nikanunua soda, nikageuza kiti.

Wakachoma hivyo misimu miwili bila ajali, na haraka ile ikala desturi yao. Saa nane hakuna muda wa kumwita jirani wa juu, kumngoja, kubishana naye juu ya majani. Tena jirani wa juu mwenye akili angekataa. Wakaacha kumwita.

Ulikuwa Oktoba. Jirani wa chini yake Mzee Challe aliwasha shamba lake mara tu lile jicho lilipopita. Upepo wa ziwani ukauchukua moto ukaupandisha. Mzee Challe alikuwa nyumbani, hakuambiwa. Alipouona, muhogo ulikuwa umeshakwenda, akakimbilia mizinga yake. Aliishusha miwili kwa mikono mitupu ikiwa inawaka. Mizinga yenyewe haikupona.

Nilimkuta hospitalini amefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, Mama Agnes pembeni anamlisha uji kwa kijiko. Akanisalimia kama kawaida. Hakusema "nilikuambia." Ningependa angesema.

Wiki ile wakubwa wakapiga simu. Orodha ya hospitali ina mtu wa Kijiji cha Juu aliyeungua, lakini ramani haina nukta kijijini hapo tarehe hiyo. Cheti cha mwaka huu kinatolewa Ijumaa. Je, palikuwa na moto wa porini, au vipi? Nikajibu kwamba nitafuatilia. Kufuatilia kwenyewe kulikuwa kukaa mezani na kuandika sentensi moja: "Mhusika aliungua kwa moto wa jikoni nyumbani kwake, kwa uzembe wa kifamilia." Nikatia sahihi. Mwenyekiti naye akatia yake, maana kijiji kizima kilikitaka cheti kama mimi. Setilaiti haikuona moto, na mimi nikahakikisha hakuna mwingine aliyeuona.

Sikufikiria sana maneno yale. Nilifikiri nimemsingizia moto, ambao hauna mdomo. Sikufikiri kwamba jiko lina mwenyewe.

Ripoti ilisomwa kwenye mikutano ya vijiji jirani, kama mfano wa kwa nini majiko yawe salama. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye mmoja. Mtu akasema kwa sauti kwamba kumbe fundi wa moto kaunguzwa na jiko la mkewe, na watu wakacheka, nami nikajifanya napanga karatasi. Baada ya hapo sokoni wakaanza kumtania Mama Agnes. Mwanamke asiyejua kutunza moto wake. Kwetu sote, Wamatengo kwa Wanyasa, mwambie mwanamke lolote lakini usimwambie hilo. Aliacha kupika chakula cha mikutano ya kanisa, kazi aliyoifanya tangu ujana, kwa sababu wenzake walikuwa wakimwondolea kuni mkononi huku wanacheka. Alifariki mwaka wa pili. Nilikwenda mazishini, nikakaa na wakubwa kwenye viti vya mbele.

Nilikaa na jambo hilo hadi nilipostaafu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami kwa miaka hiyo yote sikuzaa kitu, nilijaza fomu tu.

Mwezi wa sita mwaka huu, bila gari la ofisi na bila karatasi, nilipanda Kijiji cha Juu alfajiri. Nilimkuta Mzee Challe shambani, ana kibali cha kuchoma mfukoni mwa shati. Vidole vyake havikunjiki tena. Nikamsalimia, akaitikia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia hata soda niliyokunywa ng'ambo ya ghuba.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mikono imepona ilivyopona," akasema. "Sikuwahi kukudai mikono. Lakini mke wangu alikufa akiniuliza kama kweli jiko lake lilikuwa chafu. Mimi nilikuwepo mlimani, najua nilipoungulia, na bado aliniuliza. Maneno ya ofisi yana nguvu, Bibi Misitu."

Nilimwuliza kama nikasome ukweli kanisani.

"Kanisani hukuandika. Uongo uliukalisha ofisini, kauondoe ofisini."

Ndiyo maana ninyi mnasoma haya. Ile ripoti msiichane. Bandikeni karatasi hizi nyuma yake. Na ile orodha ya nukta, kama bado iko ukutani, ishusheni. Tumieni setilaiti, ni chombo kizuri, lakini mtu mwenye kibali akionekana msimwite mkutanoni. Mkimwadhibu kwa kuonekana, atajifunza kujificha, na saa ya kujificha anaichagua yeye, upepo hauulizwi.

Siku ile shambani nilitaka kuondoka. Mzee Challe akaniita. Akang'oa nyasi kwa viganja viwili vilivyokakamaa, akaninyooshea. "Mimi siwezi tena. Finya wewe."

Nikafinya. Zilikunjika.

"Jirani wangu wa juu amehamia Songea," akasema. "Panda pale kwenye mpaka ukae mahali pake."

Nikapanda, mimi niliyepita miaka yote hiyo nikihubiri dhidi ya viberiti, nikashika matawi mabichi, nikaangalia ziwa lilivyotulia, kisha nikawasha kwa mkono wangu. Kufikia saa nne nyasi zilikuwa zimekwisha. Tulikusanya visiki pamoja, vikaendelea kuwaka. Alitaka kuvimwagia maji. Nikamwomba aviache. Tulikaa kando ya rundo lile tunakula muhogo wa kuchoma, saa sita ikapita, saa saba ikapita, na ilipofika nusu nikatazama juu, ingawa najua hakuna kinachoonekana.

Asubuhi yake Scola akanipigia simu.

"Shikamoo Mama. Samahani kukusumbua. Tuna nukta moja Kijiji cha Juu, jana mchana. Inaangukia shambani kwa yule mzee aliyeunguzwa na jiko. Kwenye safu ya mhusika tuandike nini?"

"Jiko halikumuunguza," nikamwambia. "Andika jina langu."